Kurejesha mafaili na folda kutoka kwenye snapshoti: mwongozo kamili wa ZFS na restic

Folda ikipotea kwenye seva ya ofisi, mara nyingi data yenyewe bado ipo. Kinachoimaliza ni pilikapilika zinazofuata: mmoja anarudisha nakala ya jana juu ya kazi ya leo, mwingine anarudisha hifadhi nzima nyuma kwa ajili ya faili moja, na usiku ratiba ya usafi inapita na kufuta snapshoti (picha ya mafaili yalivyokuwa wakati fulani) pekee iliyobaki na faili zima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla na baada ya kurejesha. Amri yenyewe ya kurejesha ni mstari mmoja.

Nachukulia mazingira ya kawaida ya ofisi ndogo, shule au SACCOS: seva moja ya Linux, mafaili yamewekwa kwenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) katika `/data/ofisi`, wafanyakazi wanayafungua kutoka Windows kupitia Samba (programu ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao), programu ya Sanoid inapiga snapshoti kila saa, na kila usiku programu ya restic inapeleka bekapu kwenye mashine nyingine au kwenye wingu. Zote hizi ni za bure. Kama unatumia Veeam au programu nyingine ya kulipia, vitufe vitakuwa tofauti lakini mpangilio wa kazi ni huuhuu.

Snapshoti za aina mbili

Snapshoti ya ZFS hainakili kitu. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Huandika mahali papya, na snapshoti kazi yake ni kuzuia ile ya zamani isiachiliwe. Ndiyo maana hupigwa kwa kufumba na kufumbua, na kurejesha kutoka kwayo ni kunakili tu ndani ya seva ileile. Ubaya wake ni kwamba inakaa kwenye diski zilezile. Seva ikiibwa au diski zikifa, imekwenda nazo.

Snapshoti ya restic iko kwenye ghala lingine kabisa. Restic hukata mafaili vipande vya kati ya KB 512 na MB 8, hutambua kila kipande kwa SHA-256 (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo), hukifunga kwa usimbaji wa AES-256, na kipande ambacho tayari kimo ghalani hakipelekwi tena. Kila snapshoti inaonekana kamili, hakuna mnyororo wa bekapu kubwa na ndogo za kuunganisha. Lakini bila paswadi ya ghala hakuna mtu, hata waliotengeneza programu, atakayeifungua. Paswadi hiyo isikae kwenye seva peke yake.

Utaratibu basi ni kuanza na ZFS, na kwenda restic pale ZFS inaposhindwa.

Kwanza zuia kufutwa

Kabla hujatafuta chochote, simamisha ratiba zinazofuta snapshoti za zamani. Tazama zilipo:

    systemctl list-timers
    sudo crontab -l

Ukiona Sanoid au skripti yoyote yenye `restic forget` au `prune`, isimamishe. Kwa Sanoid, kwa kawaida ni:

    sudo systemctl stop sanoid.timer

Halafu funga snapshoti ya ZFS unayodhani ina faili, ili hata mtu akijaribu kuifuta mfumo ukatae:

    sudo zfs hold okoa data/ofisi@autosnap_2025-03-11_14:00:00_hourly

Upande wa restic unaweza kubandika lebo kwa `restic tag --add okoa`, lakini mambo mawili uyajue. Lebo peke yake haizuii kufutwa isipokuwa amri yako ya `forget` ina `--keep-tag okoa`. Pia, kubandika lebo hubadilisha kitambulisho cha snapshoti, hivyo kile ulichokuwa umekiandika kwenye karatasi hakitaonekana tena. Mimi huona ni salama zaidi kusimamisha ratiba na kuacha lebo.

Waambie watumiaji wasiunde upya folda yenye jina lilelile. Na kama mafaili yamegeuka majina ya ajabu na kuna ujumbe wa kudai fidia, chomoa kebo ya mtandao ya kompyuta iliyoambukizwa kabla ya jambo lingine lolote. Kurejesha mafaili huku virusi bado vinaandika ni kazi bure.

Uliza, kisha tafuta hapohapo

Maswali matatu yanatosha: faili lilikuwa linaitwaje, lilikaa folda gani, na mara ya mwisho kulifungua likiwa zima ilikuwa lini? La mwisho ndilo la muhimu kuliko yote, na watu hujibu "juzi" kwa maana ya wiki iliyopita. Mbane kidogo: kabla ya mishahara kulipwa au baada? Kabla ya sikukuu?

Halafu, kabla ya kugusa snapshoti, tafuta kwenye folda hai:

    sudo find /data/ofisi -iname '*mishahara*'

"Folda imefutwa" mara nyingi humaanisha kipanya kiliteleza na folda ikadondokea ndani ya jirani yake. Ukiikuta huko, kazi imekwisha, isipokuwa kuwasha tena ratiba ulizozima.

Andaa mahali pa kushushia

Usirejeshe moja kwa moja mahali pa asili. Tengeneza eneo la pembeni, nje ya folda inayoonekana na wafanyakazi, maana orodha ya mishahara inayoelea kwenye folda ya wazi ni tatizo jingine:

    sudo zfs create data/rejesho
    sudo chmod 700 /data/rejesho
    df -h /data/rejesho

Kurejesha kutoka ZFS

Orodhesha snapshoti kwa mpangilio wa muda:

    zfs list -t snapshot -o name,creation,used -s creation data/ofisi

Ndani ya kila hifadhi ya ZFS kuna folda iliyofichwa iitwayo `.zfs`. Imefichwa kiasi kwamba hata `ls -a` haiioneshi kwa mpangilio wa kawaida, lakini ukiiandika jina unaingia. Humo kila snapshoti ni folda ya kusomwa tu. Sasa, hii hapa ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii:

    sudo ls -l /data/ofisi/.zfs/snapshot/*/hesabu/mishahara.ods

Inakuonesha faili moja katika snapshoti zote kwa mpigo, na ukubwa na tarehe yake katika kila moja. Kama lilikuwa KB 84 hadi saa nane mchana na saa tisa likawa KB 6, hakuna haja ya kubahatisha: chukua la saa nane. Kama limepotea kabisa baada ya saa fulani, utaona orodha inaishia hapo.

Ukitaka kujua kilichobadilika kwa folda nzima tangu saa hiyo, tumia:

    sudo zfs diff data/ofisi@autosnap_2025-03-11_14:00:00_hourly data/ofisi

Alama ya kutoa ni kilichofutwa, ya kujumlisha ni kilichoongezwa, M ni kilichobadilishwa, na R ni kilichopewa jina jipya au kuhamishwa. Ile R huokoa muda mwingi: faili "lililopotea" linaonekana likiwa na njia yake mpya.

Kisha nakili:

    sudo cp -a /data/ofisi/.zfs/snapshot/autosnap_2025-03-11_14:00:00_hourly/hesabu /data/rejesho/

Alama `-a` hubakiza tarehe, mmiliki na ruhusa.

Sasa onyo. Utakutana na `zfs rollback` ukitafuta msaada mtandaoni. Amri hiyo hurudisha hifadhi nzima nyuma, na kila kilichoandikwa na kila mfanyakazi baada ya hapo kinafutika. Kwa kawaida hukubali kurudi kwenye snapshoti ya mwisho tu. Ukitaka ya nyuma zaidi inadai `-r`, na hiyo `-r` inaangamiza snapshoti zote za katikati, yaani njia zako zote za kujirekebisha. Kwa faili moja au folda moja, isahau. Ukihitaji kuiona hifadhi nzima ilivyokuwa, na pengine kuifanyia majaribio, tumia klone:

    sudo zfs clone data/ofisi@autosnap_2025-03-11_14:00:00_hourly data/ofisi-zamani

Klone inapatikana papo hapo, inaandikika, na haigusi folda hai. Ukimaliza, `zfs destroy data/ofisi-zamani`. Soma jina hilo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Kurejesha kutoka restic

Huku unakuja ikiwa faili lilipotea zamani kuliko snapshoti za ZFS unazotunza, au seva yenyewe haipo tena. Ingia kama `root` ili umiliki wa mafaili urejeshwe, kisha elekeza restic kwenye ghala:

    sudo -i
    export RESTIC_REPOSITORY=sftp:bekapu@10.0.0.20:/ghala/ofisi
    export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/.restic-paswadi
    restic version

Toleo lina maana. Kutaja folda kwa nukta mbili, kama utakavyoona chini, kulianza na 0.16 mwaka 2023. Kufanya jaribio kavu wakati wa kurejesha kulikuja na 0.17 mwaka 2024. Debian 12 inakuja na 0.14. Restic ni faili moja tu, kwa hiyo pakua toleo jipya kutoka ukurasa wa mradi kwenye GitHub, uliweke pembeni, ulitumie kwa kazi hii. Linasoma maghala ya zamani bila shida.

Orodhesha:

    restic snapshots --host seva-ofisi --path /data/ofisi

Utaona kitambulisho, muda, jina la mashine, lebo na njia. Mafunzo mengi yatakuambia uandike `latest` badala ya kitambulisho. Usiandike. Ghala likitumiwa na mashine zaidi ya moja, `latest` bila `--host` ni snapshoti mpya kuliko zote, ya mashine yoyote ile. Na hata ikiwa ya mashine sahihi, faili lililoharibika jana mchana liliingia kwenye bekapu ya jana usiku likiwa limeshaharibika.

Badala yake muulize restic faili limo wapi:

    restic find --host seva-ofisi -l -i 'mishahara*.ods'

Jibu linapangwa kwa snapshoti, pamoja na ukubwa na tarehe ya faili. Likionekana hadi Jumanne na Jumatano halipo, ya Jumanne ndiyo yako. Kwa uharibifu wa mafaili mengi kwa pamoja, linganisha usiku mbili zinazofuatana:

    restic diff 4f1c9a2b 81d07e35

Ofisi ya kawaida hubadilisha mafaili kadhaa kwa siku. Ukiona usiku mmoja una maelfu ya M, au kila faili lina alama ya kutoa na kando yake jipya lenye kiambishi kigeni, ujue hapo ndipo madhara yalipoingia, na snapshoti salama ni ile ya kabla yake. Hakikisha kwa kuangalia ndani:

    restic ls -l 4f1c9a2b /data/ofisi/hesabu

Kwa faili moja, njia fupi ni hii:

    restic dump 4f1c9a2b /data/ofisi/hesabu/mishahara.ods > /data/rejesho/mishahara.ods

Inatoa yaliyomo peke yake. Tarehe ya faili itakuwa ya sasa na mmiliki atakuwa wewe, kwa hiyo utarekebisha baadaye kwa `chown`.

Kwa folda, anza na jaribio kavu, ambalo linakuambia nini kingerejeshwa na ukubwa wake bila kuandika chochote:

    restic restore 4f1c9a2b:/data/ofisi/hesabu --target /data/rejesho/hesabu --dry-run -vv

Ukiridhika, toa `--dry-run` na uongeze `--verify`, ambayo husoma tena yaliyoandikwa na kuyalinganisha na ya ghalani:

    restic restore 4f1c9a2b:/data/ofisi/hesabu --target /data/rejesho/hesabu --verify

Kwa toleo la zamani lisiloelewa nukta mbili:

    restic restore 4f1c9a2b --target /data/rejesho --include /data/ofisi/hesabu

Hapa matokeo yatakaa `/data/rejesho/data/ofisi/hesabu`, njia nzima ikirudiwa ndani ya eneo la kushushia. Wengi hufungua `/data/rejesho`, wasione `hesabu`, wakadhani imeshindikana.

Umeme ukikatika au mtandao ukianguka katikati, rudia amri ileile. Kuanzia 0.17 restic hukagua yaliyokwisha kuandikwa na kushusha sehemu zinazokosekana tu. Hilo ni muhimu sana kama ghala liko kwenye wingu na ofisi inategemea bando la simu. Na kumbuka Amazon S3 na wengine hutoza upakuaji, kwa hiyo taja folda ndogo kadiri uwezavyo badala ya kushusha snapshoti nzima.

Mwenye faili asipokumbuka jina, mpe nafasi ya kutazama kwa macho. Fungua terminali ya pili kwa kazi hii (rudia humo `sudo -i` na mistari ya `export`), maana terminali inayoendesha amri hii itashikiliwa:

    mkdir -p /mnt/bekapu
    restic mount /mnt/bekapu

Ndani ya `/mnt/bekapu/hosts` na `/mnt/bekapu/snapshots` utakuta snapshoti zote kama folda za kawaida. Ukimaliza bonyeza Ctrl+C. Njia hii haifanyi kazi kwenye Windows, na ni ya polepole, hivyo itumie kutafutia. Ukishapata njia ya faili, rudi kwenye `restore`.

Restic ikilalamika kuwa ghala limefungwa, tazama kwanza kama kuna bekapu inayoendelea. Kama hakuna, `restic unlock` itaondoa kufuli zilizoachwa na kazi zilizokufa. Usiongeze `--remove-all` kwa sababu tu umechoka kusubiri: kama `prune` inaendelea kwenye mashine nyingine, unaiondolea kinga yake.

Kagua kabla ya kurudisha

Faili kuwepo si kusema kwamba ni zima. Lifungue kwa programu yake, LibreOffice au Excel, na mwenye kazi awe pembeni. Yeye ndiye anayejua kama safu ya Februari imekamilika. Kisha linganisha folda mbili:

    diff -rq /data/rejesho/hesabu /data/ofisi/hesabu

Tazama pia umiliki kwa `ls -ln`. Restic hurejesha namba ya mtumiaji, na kama seva iliwekwa upya baada ya bekapu, namba 1004 iliyokuwa ya mhasibu inaweza kuwa sasa ni ya mtu wa mapokezi. Rekebisha kwa `chown -R` kabla folda haijawa hai.

Rudisha mahali pake

Piga snapshoti ya hali ilivyo sasa, hata kama imeharibika. Ndiyo njia yako ya kurudi ukikosea:

    sudo zfs snapshot data/ofisi@kabla-ya-kurejesha

Kama kuna mafaili yaliyopungua tu huku mengine yakiwa yameendelea kufanyiwa kazi, jaza mapengo bila kugusa yaliyopo:

    sudo rsync -aHAX --ignore-existing --itemize-changes --dry-run /data/rejesho/hesabu/ /data/ofisi/hesabu/

Soma orodha, kisha rudia bila `--dry-run`. Mkwaju (`/`) ule wa mwisho kwenye njia ya kwanza usiuache, la sivyo utapata `hesabu` ndani ya `hesabu`.

Kama folda nzima imeharibika, isogeze pembeni na kuweka ya zamani:

    sudo mv /data/ofisi/hesabu /data/ofisi/hesabu-mbovu
    sudo rsync -aHAX /data/rejesho/hesabu/ /data/ofisi/hesabu/

Restic ina uwezo wa kurejesha moja kwa moja juu ya folda hai, na kwa `--delete` hufuta kila kisichokuwemo kwenye snapshoti. Ni nzuri kwa kujenga upya mashine iliyokufa. Kwenye folda ambayo watu wameendelea kuitumia, inafuta kazi yao ya leo bila kuuliza.

Kama ni hifadhidata

Folda ya MySQL au PostgreSQL haifuati yote niliyosema juu. Huwezi kuchomoa faili la jedwali moja kutoka kwenye snapshoti na kulichomeka kwenye hifadhidata inayotembea; mafaili yale yanategemeana. Zaidi ya hapo, restic husoma mafaili moja baada ya jingine, hivyo kama ilinakili hifadhidata ikiwa hai, faili la kwanza linaweza kuwa la saa saba kamili na la mwisho la saa saba na dakika kumi. Nakala hiyo haiaminiki.

Snapshoti ya ZFS ni bora hapa kwa kuwa hushika kila kitu kwa wakati mmoja, mradi folda yote ya hifadhidata, pamoja na kumbukumbu zake za miamala, imo kwenye hifadhi moja. Ukiwasha hifadhidata juu ya klone yake, huamka kama iliyokatikiwa umeme na kujirekebisha yenyewe. Iwashe pembeni kwenye poti nyingine, toa jedwali unalolihitaji kwa `mysqldump` au `pg_dump`, kisha liingize kwenye hai. Na kama bekapu yako ya usiku huanza kwa `dump` inayoandikwa kwenye faili, rejesha faili hilo tu kwa `restic dump` na uepuke kazi hii yote.

Kufunga kazi

Acha `/data/rejesho` hadi mwenye mafaili aseme mwenyewe kwamba ameridhika, kisha uifute. Achilia snapshoti uliyoishikilia na uwashe ratiba:

    sudo zfs release okoa data/ofisi@autosnap_2025-03-11_14:00:00_hourly
    sudo systemctl start sanoid.timer

Rudisha pia ratiba ya `forget` uliyoizima. Hii husahaulika, kisha baada ya miezi ghala linajaa na bekapu zinasimama kimyakimya.

Mwisho kagua afya ya ghala. Amri hii husoma asilimia tano ya data iliyomo, ikichaguliwa kwa bahati nasibu, na kuthibitisha kwamba inafunguka:

    restic check --read-data-subset=5%

Kesho yake asubuhi endesha `restic snapshots` tena uone kama bekapu ya usiku imeingia na folda ya `hesabu` imo ndani yake.